Gari Limevuka Mpaka wa Elegu, Pesa Bado: Kujikinga Unapouza Magari Nje ya Uganda

Ukishika Barabara ya Jinja kupitia Nakawa, utayaona magari yamepangwa kwenye bondi, yaani maghala ya forodha ambako gari hukaa kabla ya kulipiwa ushuru, mengine bado yana karatasi za mnada wa Japani kwenye vioo. Si yote yatakayopata namba za Uganda. Yapo yanayomsubiri mnunuzi wa Juba, Sudan Kusini, au wa Bunia na Butembo, mashariki mwa Kongo, na wenye bondi wanampenda mnunuzi huyo. Gari linalotoka bondi kwenda nje halitozwi ushuru wa Uganda, na mgeni akija mara nyingi hachukui moja, anachukua matatu au manne kwa mpigo. Kwa hiyo kuna mtu Kampala anayekabidhi ufunguo wa mali ya mamilioni kwa mtu anayeishi chini ya sheria nyingine, benki nyingine na sarafu nyingine, kisha anakaa kusubiri simu.

Wauzaji wengi wa magari wanaweza kuujua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, lakini likija suala la malipo wanategemea sura ya mtu na maneno ya dalali. Inaniuma, kwa sababu njia za kujikinga zipo, zimejaribiwa miaka mingi, na nyingine hazigharimu chochote isipokuwa subira.

Jambo la kushika ni moja. Hatari ya malipo inakaa katika kipindi kimoja tu: tangu saa gari linapotoka mikononi mwako hadi saa pesa zinapokuwa zako kabisa, kiasi kwamba hakuna awezaye kuzirudisha. Arbuni, barua ya benki, bima, mkataba, vyote vinajibu swali lilelile. Katika kipindi hicho nani amebeba hasara, na analipwa kiasi gani kuibeba?

Kipindi hicho kina bei hata mnunuzi akiwa mwaminifu. Tuchukue mfano. Umenunua Land Cruiser tatu, zimekugharimu jumla ya dola 85,500 hadi kufika bondi, zote pesa za mkopo wa dola wa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Unaziuza Juba kwa dola 90,000. Faida ni 4,500, au ndivyo inavyoonekana kwenye daftari. Riba ya mkopo huo ni dola 28 na senti kidogo kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mnunuzi akilipa baada ya siku 30, umempa benki kama dola 843. Akilipa baada ya siku 160, faida yote imekwenda benki, na wewe umefanya kazi ya bure. Hapo hujaibiwa wala hujadhulumiwa. Umecheleweshewa tu. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, na katika biashara hii anayeweka matanga mara nyingi ni yule aliyekopesha.

Pesa iliyoingia na pesa inayosemekana imeingia

Njia salama kuliko zote kwa muuzaji ni kulipwa kabla ya kuachia gari. Hilo halina mjadala. Mjadala uko kwenye maana ya kulipwa.

Mnunuzi wa Kongo au Sudan Kusini huja mara nyingi na dola taslimu. Noti hizo zina mambo yake. Kampala, noti za zamani na noti ndogondogo hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko noti mpya za 100; ng'ambo ya mpaka, hasa Kongo, noti yenye mchaniko mdogo pembeni inaweza kukataliwa kabisa. Na noti bandia zipo. Kwa hiyo usihesabu pesa bondi, wala hotelini, wala kwenye kiti cha nyuma cha gari unalouza. Nendeni benki pamoja, pesa zipite kwenye mashine, ziingie kwenye akaunti yako ya dola, na mkataba useme wazi kwamba kiasi kilicholipwa ni kile benki ilichokipokea. Uganda iliachia huru mtiririko wa mitaji mwaka 1997, hivyo kuwa na akaunti ya dola si tatizo. Jiandae tu kwa maswali: chini ya Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya 2013, muamala wa taslimu unaozidi shilingi milioni 20 hutolewa taarifa kwa Mamlaka ya Ujasusi wa Fedha. Ankara na nakala ya pasipoti ya mnunuzi vikiwa mkononi, maswali hayo yanaisha haraka.

Pesa zinazotumwa kwa benki zina mtego tofauti. Mnunuzi anakutumia kwenye WhatsApp picha ya karatasi yenye maneno MT103, jina lako, namba ya akaunti yako na kiasi sahihi. Anasema pesa zimetoka, dreva yuko njiani, naomba umpe gari. Karatasi ile, hata ikiwa ya kweli, inaonyesha kwamba benki yake imetoa agizo. Haionyeshi kwamba pesa zimefika. Dola zinazotoka Juba kuja Kampala kwa kawaida hupitia benki wakala iliyo Marekani, na huko zinaweza kusimamishwa siku kadhaa wakiuliza nani anamlipa nani na kwa nini. Sudan Kusini iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, Juni 2021, na Kongo Oktoba 2022; Uganda yenyewe ilikuwa humo kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024. Benki za nje huzitazama kwa jicho kali nchi zilizo kwenye orodha hiyo. Na kama karatasi ni ya kughushi, kuitengeneza si kazi ya saa nzima.

Dawa yake ni rahisi na haina aibu. Mpigie afisa wako wa benki, kwa namba unayoijua wewe, umuulize kama pesa zimeingia kwenye akaunti na kama zinaweza kutumika. Hadi aseme ndiyo, ufunguo unabaki droo. Dreva aliyefika mapema atakunywa chai.

Tahadhari hiyohiyo ifanye kazi upande wa pili, kwa sababu wewe nawe ni mnunuzi kule Japani. Ukipata barua pepe kwamba kampuni inayokuuzia imebadilisha akaunti, usijibu barua ile. Piga simu kwa namba ya zamani. Wezi huingia kwenye barua pepe za wafanyabiashara, husoma mazungumzo kwa wiki nzima, kisha hutuma ankara inayofanana na ya kweli kila kitu isipokuwa namba ya akaunti. Pesa zikishakwenda huko, kuzirudisha ni bahati.

Na arbuni je? Wengi wanaichukulia kama ishara kwamba mtu ana nia, wakaridhika na asilimia kumi. Mimi naona ina kazi nyingine. Arbuni inatakiwa itoshe kulipia hasara utakayopata mnunuzi akikukimbia: kodi ya maegesho bondi, riba ya miezi utakayotafuta mteja mwingine, na punguzo utakalolazimika kutoa. Gari la kawaida la usukani wa kulia, lenye soko Kampala, arbuni ya wastani inatosha. Lakini Kongo na Sudan Kusini wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Mteja wa Kongo akikuagizia gari la usukani wa kushoto, kisha akapotea, utaliuza kwa nani Kampala? Vivyo hivyo kwa gari lililobadilishwa kuwa ambulensi au gari la benki, na kwa gari kuukuu: tangu sheria ya barabara ilipobadilishwa mwaka 2018, gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Kwa magari ya namna hiyo arbuni iwe kubwa sana, au yalipiwe yote kabla hujayaagiza.

Karatasi za bahari kwenye safari ya barabara

Hapa ndipo ushauri wa vitabuni unapowapoteza watu wetu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gari linaposafiri kwa meli kutoka Japani hadi Mombasa, hutolewa hati ya shehena. Hati halisi ikiandikwa kwa mtindo wa "to order", yaani mzigo apewe atakayeelekezwa na mwenye hati, ndiyo umiliki wa mzigo wenyewe: asiyeishika hapewi gari bandarini. Ndiyo maana katika biashara ya bahari benki zinaweza kukaa katikati. Muuzaji anaipa benki hati, benki ya mnunuzi inamwambia mteja wake alipe kwanza ndipo apewe hati, na bila hati gari linaendelea kukaa bandarini. Utaratibu huo wa kukusanya malipo kwa hati una kanuni zake za kimataifa, URC 522, zilizoanza kutumika Januari 1996. Ni wa bei nafuu na unafanya kazi.

Sasa gari lako liko Kampala, linakwenda Juba kwa barabara kupitia Gulu na mpaka wa Elegu, au Butembo kupitia mpaka wa Mpondwe. Hati ya usafirishaji wa barabara si hati ya umiliki. Ni risiti ya mzigo tu. Dreva akifika Juba atamkabidhi gari yule aliyeandikwa kama mpokeaji, awe ameishika hati au hajaishika. Na gari linakwenda kwa magurudumu yake lenyewe. Ukimwambia mnunuzi kwamba hati ziko benki, lipa uzichukue, atakucheka. Gari analo tayari uani kwake.

Kwa hiyo muuzaji wa Kampala inabidi atafute mahali pengine pa kushikia gari, na hapo mahali ni bondi. Maadamu gari liko bondi na kibali cha forodha cha kulitoa hakijafanywa kwa jina la mnunuzi, wewe ndiye mwenye usukani. Malipo yote, au kinga kamili ya malipo, vipatikane kabla ya hatua hiyo. Kama mnunuzi anaogopa kulipia gari asilolishika, mna njia ya katikati: anakuja yeye au fundi wake, analikagua bondi, anasaini kwamba namba ya chasisi na hali ya gari ni sawa, pesa zinawekwa benki kwa makubaliano ya pande tatu kwamba zitaachiliwa gari likitoka bondi na hati zikakabidhiwa. Si kila benki inafanya kazi hiyo, na ada yake mjadiliane mapema. Njia nyingine, kwa magari ambayo bado yako baharini: uza ukiwa bado na hati ya shehena mkononi. Ukiishaitumia Mombasa, nguvu hiyo imekwisha.

Kuna hatari nyingine wachache wanayoiweka kwenye hesabu. Gari lililotoka bondi bila ushuru kwa ahadi kwamba linakwenda nje lina dhamana ya forodha nyuma yake. Lisipoonekana limevuka, kwa mfano mnunuzi akaliuza njiani, Mamlaka ya Mapato itamdai aliyeweka dhamana, na si yule bwana wa Juba. Mauzo ya nje hayana VAT, kodi ya ongezeko la thamani, lakini ni pale tu ushahidi wa kuvuka mpaka unapokuwepo. Bila ushahidi, asilimia 18 inakurudia wewe. Shikilia sehemu ya pesa za mnunuzi kama amana ya kodi, umrudishie pesa hizo mara uthibitisho wa kuvuka Elegu au Mpondwe unapopatikana. Anayekwenda kweli Juba hatakataa.

Halafu amueni nani anabeba hatari ya njiani. Masharti ya kimataifa ya uuzaji, Incoterms 2020, yana herufi tatutatu ambazo watu huziandika kwenye ankara bila kuzisoma. Ukiuza kwa FCA Kampala, gari likikabidhiwa kwa msafirishaji hapa, ajali au uporaji wa njiani ni wa mnunuzi. Ukiuza kwa DAP Juba, ni wako hadi mlangoni kwake, pamoja na zile kilomita 192 za lami kutoka Nimule, mpakani, hadi Juba ambazo zimewahi kuona mashambulizi. Masharti hayo hayasemi lini pesa zinalipwa wala umiliki unahama lini. Hayo yaandikwe kwenye mkataba.

LC: benki inasoma karatasi, haitazami gari

Kwa mauzo makubwa, tuseme magari 20 kwa kampuni ya ujenzi au shirika, inakuja barua ya mkopo, LC kama watu wa benki wanavyoiita. Benki ya mnunuzi inaahidi kukulipa ukileta karatasi zilizotajwa, kamili, ndani ya muda. Hatari inahama kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa benki yake. Swali la kwanza basi ni hili: benki hiyo nayo ni nani? Ahadi ya benki ndogo ya Juba isiyo na dola ni ahadi tu. Ndiyo maana unaomba LC ithibitishwe na benki ya pili, ya Kampala, Nairobi au Ulaya, ambayo itakulipa yenyewe hata ile ya kwanza ikishindwa. Uthibitisho una gharama, na kwa baadhi ya nchi hautapatikana kwa bei yoyote. Hilo nalo ni jibu: kama benki zinazoishi kwa kupima hatari zimekataa kuibeba, kwa nini uibebe wewe mwenye bondi?

LC nyingi huendeshwa kwa kanuni za UCP 600, zilizoanza Julai 2007. Kanuni ya 5 inasema benki zinashughulika na hati, hazishughuliki na bidhaa. Maneno hayo yana makali pande zote. Mnunuzi hawezi kuzuia malipo kwa kulalamika rangi ya kiti. Na wewe huwezi kusema gari lilifika salama ikiwa karatasi zina kosa. Benki ina siku tano za kazi za kuzichunguza, na pale hati ya usafirishaji inapotakiwa, mzigo wa hati uletwe si zaidi ya siku 21 tangu gari liliposafirishwa, isipokuwa LC yenyewe imesema vingine, na kamwe si baada ya LC kuisha muda.

Makosa yenyewe ni madogo kiasi cha kukasirisha. Gari la soko la ndani la Japani halina namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17. Lina namba fupi ya chasisi, herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu. Karani wa benki ya ng'ambo anaandika kwenye LC kwamba hati zote zionyeshe namba ya tarakimu 17, kwa sababu ndivyo fomu yake inavyosema. Hakuna hati yako itakayotimiza sharti hilo, na umeshashindwa kabla hujaanza. Au LC inasema mwaka wa gari 2014, cheti cha Japani kinaonyesha usajili wa kwanza Januari 2015. Au herufi O imeandikwa mahali pa sifuri. Kila tofauti inaipa benki haki ya kukataa kulipa, na inampa mnunuzi nafasi ya kuomba punguzo huku gari likiwa limeshaondoka.

Omba rasimu ya LC kabla haijatolewa. Isome neno kwa neno ukiwa na hati za gari mezani, na wakala wako wa forodha akiwa pembeni. Sharti lolote linalomtegemea mnunuzi mwenyewe, kama vile cheti cha kukubali gari kilichosainiwa na yeye, lifutwe. Sharti la hati ya shehena ya bahari kwa gari linalotoka Kampala kwa barabara nalo lifutwe. Kama LC ni ya benki ya Kongo na imeandikwa Kifaransa, mtafute anayekijua Kifaransa cha benki. Cha sokoni hakitoshi.

Ukiamua kukopesha

Wakati mwingine soko linakulazimisha. Mteja mzuri, amenunua mara kadhaa, anaomba siku 90, na jirani yako wa bondi amemkubalia. Watu wengi hapa wanakimbilia kufunga kifaa cha kufuatilia gari. Kifaa kitakuonyesha kwamba gari liko Butembo. Hakitalirudisha.

Dhamana ya kisheria ina mipaka yake, na mipaka hiyo inafanana na ya nchi. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, inayokuruhusu kubaki na umiliki hadi ulipwe, na Sheria ya Dhamana kwa Mali Inayohamishika ya 2019, ambayo dhamana zake husajiliwa kwa njia ya mtandao chini ya URSB, shirika la usajili la Uganda. Ni sheria nzuri kwa gari linalobaki Mbarara. Likivuka Mpondwe, hakimu wa Beni anatazama sheria ya kwao. Kongo iko chini ya sheria za biashara za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na huko kifungu cha kubaki na umiliki hakiwabani watu wengine, kama vile mtu aliyenunua gari kutoka kwa mteja wako, mpaka kisajiliwe kwenye rejesta yao ya biashara, RCCM. Kwa hiyo unahitaji wakili wa upande ule, na usajili wa upande ule, kabla gari halijavuka. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Sudan Kusini 2016, lakini rejesta na mahakama bado ni za kila nchi.

Kuhusu kesi, pendelea usuluhishi kuliko mahakama. Hukumu ya mahakama ya Kampala ina safari ndefu kukubaliwa Bunia. Uamuzi wa wasuluhishi unalindwa na Mkataba wa New York wa 1958, ambao Uganda iliuridhia 1992 na Kongo ikajiunga 2014.

Kabla ya yote hayo, mjue mteja. Omba cheti cha usajili wa kampuni, taarifa za benki, majina ya wauzaji wengine aliowalipa, na uwapigie kweli. Uliza gari linakwenda kufanya kazi gani. Pikapu ngumu zinapendwa na makandarasi na zinapendwa pia na watu wenye silaha, na kuna watu na makundi ya Kongo na Sudan Kusini waliowekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa na Marekani. Dola zao zikikamatwa njiani hutazipata, na jina lako litabaki kwenye mafaili ya benki.

Mnunuzi ana pesa, njia haipo

Kuna hatari ambayo uaminifu wa mteja hauigusi kabisa. Mpaka wa Katuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Juba ililipuka Desemba 2013, kisha tena Julai 2016, na wafanyabiashara wa Uganda wakakimbia wakiacha mali. Bunagana, mji wa Kongo mpakani na Uganda, ulitekwa na waasi wa M23 Juni 2022. Goma ilipoangukia mikononi mwao Januari 2025, benki za mji zilifunga milango. Mfanyabiashara mwaminifu mwenye dola kwenye akaunti hakuweza kuzitoa wala kuzituma.

Serikali ikiwa mnunuzi, usidhani kwamba serikali haifilisiki. Waganda waliopeleka nafaka kwa serikali ya Juba walikaa miaka mingi bila kulipwa, hata serikali ya Uganda ikabidi iingie kati na kuanza kuwalipa kwa pesa za hapa, kwa makubaliano kwamba Juba itarudisha.

Bima ya hatari hizi ipo. ATIDI, taasisi ya bima ya biashara ya Afrika iliyoanzishwa 2001 na yenye makao Nairobi, ina Uganda miongoni mwa wanachama wake, na inakinga kushindwa kulipa kwa mnunuzi pamoja na hatari za kisiasa: vita, kuzuiwa kwa pesa kutoka nje ya nchi, serikali kutaifisha mali. Bima hailipi deni lote. Sehemu moja unabaki nayo mwenyewe, na kuna muda wa kusubiri kabla ya kulipwa. Soma hasa wajibu wako. Ukichelewa kutoa taarifa kwamba mteja hajalipa, au ukamwongezea muda kwa simu bila kuwauliza, unaweza kukuta huna bima.

Sarafu nayo ina siku zake. Desemba 2015 Sudan Kusini iliachia paundi yake, na bei rasmi ya dola ikatoka paundi 2.96 hadi 18.5. Aliyekuwa akidai paundi 300,000, ambazo kwa bei ya zamani zilikuwa zaidi ya dola 101,000, aliamka akidai kama 16,200. Andika ankara kwa sarafu ileile uliyolipa Japani na unayodaiwa na benki yako. Kama mkopo wako ni wa shilingi na mauzo ni ya dola, umeongeza hatari ambayo mteja hakukuletea.

Na pesa za kuziba pengo? LC iliyothibitishwa ni dhamana nzuri mbele ya benki ya Kampala. Unaweza kukopa juu yake, au kuiuza ankara kwa punguzo na kuondoka na pesa leo. Bima ya mkopo nayo hupunguza woga wa benki. Kwa mauzo makubwa zaidi, kama mabasi ya Kiira Motors ya Jinja yakitafuta miji ya nje ya kuyanunua, kinachofaa ni mkopo kwa mnunuzi mwenyewe kutoka taasisi kama Afreximbank, benki ya Afrika ya kugharimia biashara ya nje, yenye tawi Kampala: benki inamkopesha mnunuzi, muuzaji analipwa mara moja, na kudaiana kwa miaka kunabaki kati ya wale wawili.

Mteja akikuambia kwamba LC ni ghali na bima ni ya wazungu, usibishane naye. Mpe bei mbili kwenye ankara moja ya awali. Kwa mfano wetu, kila Land Cruiser ni dola 30,000 pesa ikiingia kabla ya gari kutoka bondi. Kwa siku 90, anza na riba ya dola 843 kwa gari, ongeza ada ya benki, ongeza malipo ya bima kama bima ilivyokuandikia, ongeza wakili wa upande wa pili, umwonyeshe kila mstari. Wengi wataanza kutafuta pesa taslimu siku ileile. Wachache watabishana juu ya kila mstari, na hao mara nyingi ni watu wanaokusudia kulipa. Anayeitikia bei ya juu papo hapo, bila swali hata moja, muombe taarifa za benki za miezi sita kabla hujamwandikia ankara.